TRIM: Jinsi kompyuta ilivyojifunza kuiambia diski "hii nimefuta"

Leo tuweke kando habari za simu mpya na bei za bando, tuzungumze historia kidogo. Kuna swali ambalo mtu yeyote anayejulikana mtaani kama "mtu wa kompyuta" lazima aulizwe: mbona SSD yangu ilikuwa inapaa nilipoinunua, na sasa inatambaa kama kobe?

Jibu fupi ni amri moja inayoitwa TRIM. Jibu refu ni historia ya miaka mingi, na mimi nalipenda zaidi hilo refu. Linatufundisha jambo ambalo sisi waandika programu hulisahau haraka: mara nyingi mashine huwa nzito si kwa sababu kifaa ni kibovu, bali kwa sababu sehemu zake mbili hazielezani jambo muhimu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hebu tuone kimya hiki kilianzia wapi.

Kufuta bila kufuta

Tangu enzi za MS-DOS, kompyuta ikikwambia imefuta faili, haijafuta chochote. Inachofanya ni kwenda kwenye orodha yake ya faili na kuweka alama kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Kwenye mfumo wa FAT alama hiyo ilikuwa baiti moja tu, E5, iliyowekwa mahali pa herufi ya kwanza ya jina la faili. Yaliyomo ndani ya faili yalibaki palepale kwenye diski. Ndiyo maana mwaka 1982 Peter Norton aliweza kuuza programu ya kurudisha faili zilizofutwa, na biashara hiyo ikamjengea jina.

Hapa kuna jambo la kutazamwa kwa makini. Orodha ya faili ni mali ya mfumo endeshi, yaani Windows, Linux au Mac. Diski yenyewe haiielewi orodha hiyo. Diski inajua sehemu zenye nambari tu: sehemu ya 1, ya 2, ya 3, mpaka mwisho. Inaambiwa "andika hapa" au "soma pale", basi. Ilikuwa haiambiwi kamwe "hii hatuihitaji tena".

Ni kama ploti ambayo wapangaji huhama usiku bila kumwambia msimamizi. Mwenye nyumba anajua chumba kiko wazi, lakini msimamizi anaendelea kukifagia na kukilinda kana kwamba kuna mtu ndani. Kwa diski ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, hilo halikuwa na madhara yoyote. Data mpya ikija inaandikwa juu ya ile ya zamani, moja kwa moja, kwa kasi ileile. Kimya kilikuwepo, lakini hakikumgharimu mtu hata senti.

Ubao usiofutika neno moja moja

Kisha ikaja kumbukumbu ya flashi. Mvumbuzi wake ni Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba kule Japani. Mwaka 1984 aliwasilisha aina ya kwanza iitwayo NOR, na mwaka 1987 Toshiba ikaitoa hadharani aina ya pili, NAND, ambayo ndiyo iliyomo leo ndani ya simu, kadi za kamera na SSD. Inasimuliwa kwamba jina "flash" lilipendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi, kwa sababu namna data inavyofutwa yote kwa mpigo ilimkumbusha mwanga wa kamera. Kwa hiyo tangu kubatizwa kwake teknolojia hii ilitangaza tabia yake: inafuta kwa mkupuo.

Tabia hiyo ndiyo chimbuko la matatizo yote ya leo. Ndani ya NAND data huandikwa kwa kurasa, na kurasa nyingi hukusanywa katika bloki moja. Kwenye SSD za mwaka 2008 ukurasa wa kawaida ulikuwa wa kilobaiti 4, na bloki ilikuwa na kurasa 128, yaani kilobaiti 512. Unaweza kuandika ukurasa mmoja mmoja, sawa. Lakini huwezi kuandika juu ya ukurasa uliokwisha kuandikwa. Lazima kwanza ufutwe, na kufuta hakuwezekani kwa ukurasa mmoja: unafuta bloki nzima.

Fikiria mwalimu mwenye ubao wa ajabu. Anaweza kuandika mstari popote palipo wazi, lakini dasta yake inafuta ubao mzima kwa pigo moja. Akitaka kubadilisha mstari mmoja wakati ubao umejaa, itambidi anakili mistari 127 iliyobaki kwenye daftari, afute ubao wote, kisha aandike upya mistari yote 128. Kazi ya kilobaiti 4 imegeuka kazi ya kilobaiti 512! Zaidi ya hayo, kila bloki huchakaa kwa kufutwa. Chipu za bei nafuu za wakati huo zilikadiriwa kuvumilia ufutaji wa takriban mara 10,000.

Ili kukwepa balaa hii, diski za flashi zina kompyuta ndogo ndani yake yenye ramani. Wewe unafikiri unaandika sehemu nambari 500. Diski inachukua ukurasa wowote ulio safi, inaandika hapo, kisha inasahihisha ramani: "500 sasa iko huku". Ukurasa wa zamani unahesabiwa kuwa taka. Amir Ban wa kampuni ya M-Systems ya Israeli alipewa hataza ya Marekani kwa ubunifu wa aina hii mwaka 1995. Wakati diski imetulia, kompyuta hiyo ndogo hukusanya taka: inahamisha kurasa zenye uhai, inafuta bloki, na kuweka akiba ya bloki safi kwa ajili ya maandishi yajayo.

Sasa rudi kwenye ploti yetu. Diski itajuaje ukurasa upi ni taka? Kwa njia moja tu: ukiandika tena juu ya nambari ileile. Ukifuta filamu ya gigabaiti 4, diski haijui lolote. Itaendelea kuzihamisha kurasa za filamu hiyo iliyokufa kutoka bloki hadi bloki, kwa heshima zote, kama maiti isiyozikwa. Kadiri miezi inavyopita, kila sehemu ya diski itakuwa imewahi kuandikwa angalau mara moja, na machoni pa SSD diski imejaa pomoni, hata kama Windows inakuonyesha nusu yake iko wazi.

Mwaka ambao watu walishtuka

Septemba 2008 Intel ilitoa X25-M, SSD ya gigabaiti 80 iliyowafanya watu wengi waamini kwamba zama za sahani zinazozunguka zinakaribia mwisho. Ilisoma hadi megabaiti 250 kwa sekunde. Miezi michache baadaye, Februari 2009, tovuti ya PC Perspective ilichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba diski hiyo ikitumika kwa muda, kasi yake inashuka vibaya. Mwezi uliofuata Anand Lal Shimpi wa AnandTech aliandika makala ndefu iliyowaeleza wasomaji wa kawaida kurasa, bloki, na kwa nini diski iliyotumika si sawa na diski mpya. Aprili 2009 Intel ilitoa programu mpya ya ndani ya diski iliyopunguza tatizo.

Ilipunguza, haikuliondoa. Na hapo ndipo penye somo. Hata ungekuwa na wahandisi bora duniani ndani ya diski, hakuna hesabu inayoweza kukisia jambo ambalo hujaambiwa. Dawa ilibidi itoke upande wa pili, kwa mfumo endeshi.

Sentensi yenyewe

Kwa bahati nzuri kuna waliokuwa wameliona mapema. Mwaka 2007 Microsoft ilipeleka pendekezo kwa T13, kamati inayotunza kanuni za ATA, lugha ambayo kompyuta huzungumza na diski. Pendekezo lilikuwa dogo: iwepo njia ya kuiambia diski kwamba data fulani imefutwa. Matokeo yake ni amri iitwayo DATA SET MANAGEMENT, na ndani yake biti moja iitwayo TRIM.

Ukiitazama kama mwandishi wa programu, utaipenda kwa urahisi wake. Unatuma kipande cha baiti 512 chenye mistari 64. Kila mstari una baiti 8: biti 48 za kusema pa kuanzia na biti 16 za kusema ni sehemu ngapi. Hesabu inaonyesha kwamba kipande kimoja kinaweza kuachilia karibu gigabaiti 2. Ni hivyo tu. Ni ujumbe wa "kutoka hapa mpaka pale, sina haja napo tena".

Windows 7 ilipoingia sokoni tarehe 22 Oktoba 2009, ilikuja na TRIM. Ikitambua SSD, iliacha pia kuipanga upya kwa ratiba, ile kazi ya "defragi" iliyokuwa na maana kwa sahani zinazozunguka lakini kwa flashi ni kuichakaza bure. Tena, tangu Vista mgao wa diski ulianza kwenye mpaka wa megabaiti 1. Windows XP ilikuwa ikianzia sehemu ya 63, urithi wa hesabu za diski za zamani, na kwa hiyo kila ukurasa wa kilobaiti 4 ulikaa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Lakini mfumo endeshi kuongea hakutoshi. Diski nayo lazima isikie. Intel ilitoa programu ya kuiwezesha X25-M ya kizazi cha pili kuelewa TRIM mwezi huohuo wa Oktoba, ikaiondoa haraka baada ya baadhi ya watumiaji wa Windows 7 kukuta diski zao zimegoma, kisha ikairudisha ikiwa imerekebishwa mwezi wa Novemba. Wenye kizazi cha kwanza hawakuipata kamwe. Diski ileile iliyoanzisha kelele ikabaki kiziwi mpaka mwisho wa maisha yake.

Linux: ujumbe uliokwama njiani

Watu wa Linux hupenda kusema walikuwa wa kwanza, na ni nusu ya ukweli. Toleo la 2.6.28 la Desemba 2008 lilikuwa tayari na utaratibu uitwao "discard", uliofanyiwa kazi na David Woodhouse na wenzake, unaowezesha mfumo wa faili kutoa taarifa ya nafasi iliyoachiliwa. Shida ni kwamba taarifa iliishia katikati. Kipande cha mwisho, kile kinachoigeuza kuwa amri ya TRIM kwa diski za ATA, kiliingia kwenye toleo la 2.6.33 mnamo Februari 2010. Katika kipindi hicho cha kusubiri, Mark Lord, mwandishi wa hdparm, alitoa skripti ya wiper.sh iliyotafuta nafasi zilizo wazi na kuzitumia TRIM moja kwa moja. Mafundi hawasubiri kamati :-)

Kisha likazuka swali la pili: ujumbe utumwe lini? Njia ya wazi ni kutuma kila faili inapofutwa, na ext4 iliruhusu hilo kwa chaguo la "discard". Lakini TRIM ya kwanza ilikuwa na kasoro. Diski za SATA zina foleni ya amri hadi 32, na TRIM haikuruhusiwa kupanga foleni. Ikija, lazima zote zilizoko mbele zimalizike kwanza, yenyewe ifanyike, ndipo foleni ianze tena. Ukifuta maelfu ya faili ndogo, kama mtu anayesafisha mradi kabla ya kuukusanya upya, mashine ilikwama kabisa.

Jibu la Linux lilikuwa la busara ya kinyumbani: usimpelekee msimamizi barua kila mpangaji anapohama, mpe orodha moja kwa wiki. Januari 2011 toleo la 2.6.37 lilileta njia ya kuuambia mfumo wa faili utume nafasi zote wazi kwa pamoja, nayo amri ya fstrim iliyoandikwa na Lukáš Czerner ikaitumia. Ubuntu 14.04 ya Aprili 2014 iliiendesha kila wiki bila kukuuliza. Fedora ilingoja hadi toleo la 32, Aprili 2020, kuiwasha kwa wote.

Apple na Android

Apple ilileta TRIM mwaka 2011, lakini kwa SSD ilizoziuza yenyewe tu. Ukinunua diski ya kampuni nyingine, Mac yako ilinyamaza kama zamani. Wengi waliziba pengo kwa programu ya Trim Enabler ya Oskar Groth. Oktoba 2014 toleo la Yosemite likaanza kukataa vipande vya mfumo vilivyobadilishwa, na mtu akalazimika kuchagua kati ya kasi ya diski na ulinzi wa mfumo mzima. Mwisho wa Juni 2015, toleo la 10.10.4 likaleta amri ya trimforce: unaruhusiwa, lakini ukubali kwanza kwamba Apple haitawajibika data ikipotea.

Kwa upande wa simu, ambazo ndizo kompyuta za wengi wetu, habari iliyojulikana sana ni ya Nexus 7 ya mwaka 2012. Tableti hiyo ilisifiwa ilipotoka, na baada ya miezi kadhaa wenye nayo wakalalamika kwamba kuifungua programu moja ni kazi. Julai 2013 Android 4.3 ilileta fstrim inayoendeshwa simu ikiwa imetulia, na nyingi zikafufuka. Hakuna chipu iliyobadilishwa, hakuna skrubu iliyofunguliwa. Sentensi tu ilisemwa.

Kuamini ujumbe

Ukishafungua mdomo, lazima uwe na hakika na unachosema. Mwezi Juni 2015 kampuni ya utafutaji ya Algolia ilieleza jinsi seva zake zilivyokuwa zikikuta faili zenye vipande vya baiti 512 vilivyojaa sufuri. Ilikuwa kana kwamba TRIM inafuta vyumba vyenye watu. Lawama ziliangukia SSD za Samsung. Wahandisi wa Samsung walichunguza, na mwezi Julai ikadhihirika kwamba kosa lilikuwa ndani ya Linux yenyewe, pale inapozikata amri kubwa za kufuta kuwa vipande kwa ajili ya diski zilizounganishwa kwa RAID.

Lakini diski nazo hazikuwa malaika. SATA 3.1 ya mwaka 2011 iliruhusu TRIM kupanga foleni, na baadhi ya modeli, zikiwemo za Crucial na Samsung, ziliitekeleza vibaya. Ndani ya kodi ya Linux kuna orodha ya majina ya diski ambazo kerneli haizitumii TRIM ya foleni hata zikidai zinaiweza. Ukitaka kujua historia ya kutoaminiana kati ya programu na vifaa, soma orodha ile.

Gharama ya kusema

Sasa tufike kwenye jambo linalomgusa kila mmoja. Norton alipata riziki kutokana na kile kimya cha zamani. Picha za harusi ukizifuta kwa bahati mbaya kwenye diski ya sahani, fundi mwenye programu nzuri ana nafasi ya kukurudishia. Kwenye SSD yenye TRIM, diski imekwisha kuambiwa. Nyingi, ukiziomba sehemu hizo dakika chache baadaye, hukurudishia sufuri tupu. Mwaka 2010 watafiti Bell na Boddington walionya kwamba hata wachunguzi wa polisi watapoteza ushahidi waliozoea kuufukua.

Je, basi ukiuza laptopu yako, kufuta kunatosha? La! TRIM ni taarifa, si ahadi. Diski inaweza kuifanyia kazi sasa, kesho, au isiifanyie kazi kwa baadhi ya sehemu. Kwa hiyo usiitegemee kukurudishia, na usiitegemee kukufichia. Kwa la kwanza weka nakala mahali pengine, kwa la pili simba diski kwa nenosiri tangu siku ya kwanza. Na hata kusimba kuna mjadala wake: mwaka 2011 Linux 3.1 iliporuhusu TRIM kupita kwenye diski zilizosimbwa, haikuiwasha yenyewe, kwa sababu anayeitazama diski ataweza kuona ni wapi pako wazi na ni kiasi gani umehifadhi. Hata kusema "hapa hamna kitu" ni kutoa siri.

Angalia yako

Kwenye Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

fsutil behavior query DisableDeleteNotify

Ukiona 0, TRIM imewashwa (naam, sufuri ndiyo nzuri, kwa sababu swali limeulizwa kinyume). Kwenye Linux andika lsblk --discard. Safu za DISC-GRAN na DISC-MAX zikiwa na sufuri kwenye SSD yako, ujumbe haupiti. Kuutuma kwa mkono ni sudo fstrim -av. Kumbuka pia kwamba vikasha vingi vya USB vya kuwekea diski havipitishi TRIM, kwa hiyo SSD inayoishi ndani ya kikasha inaweza kuzeeka kama zile za mwaka 2008. Na usiijaze mpaka juu. Nafasi wazi iliyotangazwa ndiyo pumzi ya diski.

NVMe, kanuni mpya iliyotoka mwaka 2011, ina amri ya kazi hiihii, na foleni kwake si tatizo. Leo kila mfumo endeshi mkubwa unaongea na diski yake. Kwa hiyo mtu akikuletea SSD inayotambaa, kabla ya kumwambia anunue nyingine, uliza kwanza kama kompyuta yake imewahi kuiambia diski kwamba wapangaji wamehama.